Kiuno cha Bibi Harusi

Utepe wa marehemu Fundi ulikuwa ukijua mimba kabla ya mume. Kiuno kikiongezeka na kifua nacho kikiongezeka, hakuuliza mtu. Aliacha nafasi kwenye mshono. Mumewe, aliyekuwa akipiga pasi kwenye kona ya chumba hichohicho, alizijua siri za nusu ya mtaa kwa kumtazama tu mkewe anavyouma pini.

Jambo moja tu lilimfungua mdomo: rubela. Akiwa na mimba changa ya kitinda mimba wao, alitoka vipele vya siku tatu. Akasema ni joto, akaendelea kushona. Binti akazaliwa hasikii. Daktari akawaeleza kwamba ugonjwa ule, mdogo kwa mama, huvuka ukamwumiza mtoto tumboni. Fundi hakulia mbele za watu. Alijifunza lugha ya mikono, akamfundisha na mumewe, ambaye vidole vyake vizito binti anavicheka mpaka leo.

Siku moja msichana aliyekaribia kuolewa alikuja kujaribu gauni la harusi, ameandamana na mama mkwe mtarajiwa. Fundi akazungusha utepe kiunoni. Akarudia. Inchi mbili zimeongezeka. Mumewe akaona pini imeumwa. Wiki moja kabla, alipoleta lesi, msichana huyo alimpakata hapo mtoto wa mteja. Mtoto yule sasa ana vipele, na kliniki wamesema ni rubela.

"Mama," Fundi akamwambia mama mkwe, "nenda duka la pili ukachague vifungo mwenyewe. Nikichagua mimi utanisema."

"Nitakusema hata nikichagua mimi," mama akajibu, akatoka.

Fundi akarudisha mlango. "Mwanangu, hiki kiuno si cha shibe."

"Nimenenepa tu, shangazi."

"Haya, umenenepa. Yule mtoto uliyempakata ana rubela. Ulichanjwa?"

"Sijui."

Fundi akamwita binti yake kwa sauti ya kutikisa dirisha. Binti, aliyekuwa kwenye cherehani ya pili na ambaye kwa kushona kola alimshinda mama yake, hakuinua kichwa.

"Mimi nilisema ni joto," Fundi akasema. "Nenda leo wakakupime damu. Kwangu neno halitoki."

Msichana akaanza kulia. "Mama mkwe akijua, hakuna harusi."

Mpiga pasi alikuwa akilipiga pasi shati lilelile mara ya tatu.

Siku nne baadaye msichana akarudi peke yake, anakimbia. Damu imeonyesha ana kinga; alichanjwa utotoni. Fundi akaketi chini sakafuni, akaomba maji.

Mama mkwe alipokuja kuchukua gauni, akaligeuza ndani nje. "Mbona kiuno kimefumuliwa?"

"Nilikosea kukata, mama. Nisamehe."

"Na watu wanavyokusifu!"

"Wanazidisha."

Mumewe akainamia pasi, hakuthubutu kumtazama. Miaka thelathini mwanamke yule hakuwahi kukubali kwamba mkasi wake umekosea, hata pale ulipokosea kweli.