Treni Isiyo na Mzigo

Dada yangu ni fundi redio, na nasema mbele yake na nyuma yake: ni mbishi. Ukimwambia kifaa kimekufa, hasikii mpaka akifungue mwenyewe, akinuse, akigombeze. Sasa mtu wa namna hiyo, mume wake alipopofuka, mlitegemea atulie?

Shemeji aliendesha treni ya abiria miaka ishirini na minane. Sukari ikamharibia macho. Akarudi nyumbani na mkoba wake na cheti cha shukrani, akakaa kwenye kiti kando ya dirisha, na maneno yakamwisha. Ukimsalimu anaitika. Ukimuuliza kama atakula, anasema sawa. Mwaka mzima ulipita hivyo, na dada yangu akawa anakonda kuliko mgonjwa.

Ndipo akanunua treni ya mfano, kichwa na mabehewa manne, akazungusha reli juu ya meza ya chakula. Mimi nilikuwa nakaa kwao, na sote tukawa tunakula sahani magotini. Kichwa chenyewe kilitosha kiganjani. Akakifungua, akatia kadi ya sauti na spika ndogo kama kifungo cha koti. Mlio aliupata kwa madereva wenzake shemeji, waliomrekodia kwa simu injini ya aina ileile aliyoizoea. Spika ikatoa sauti nyembamba kama ya mbu. Akaibana ndani ya kifuniko cha chupa ya dawa, sauti ikanenepa.

Akamkalisha mumewe mezani, akamshikisha swichi ya kuzungusha. "Endesha, baba watoto."

Shemeji akafungua. Injini ikanguruma, treni ikatoka mbio. Akarudisha mkono mapajani. "Siyo."

Dada akabadilisha rekodi. Siyo. Akaongeza kitufe cha honi, akaongeza na cha breki na mlio wa upepo wake. Siyo. Kisha shemeji akasema, "Mke wangu, usinibembeleze kama mtoto. Nitajaribu mara moja ya mwisho, halafu uiondoe hapa mezani."

Hapo nikaingilia. Nikamwambia dada amwache mwenzake apumzike. Akaendelea kupanga mabehewa kwenye reli. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajisemea, nikaenda kuosha vyombo. Kumbe na yeye alikuwa anaogopa. Alinifuata jikoni akasema, "Akiikataa na hiyo, sina kingine cha kumpa." Tangu tuzaliwe sijawahi kumsikia akisema ameishiwa.

Lakini hakukimbilia bisibisi. Safari hii alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: alimuuliza mwenye kazi yake. "Siyo kwa nini?"

Shemeji akafikiri sana. "Haina mzigo. Ukifungua, inaruka. Mimi nilikuwa na watu mia sita mgongoni. Injini inalia kwanza, inalia, inalia, ndipo mabehewa yanaanza kukubali. Na ukifunga, haisimami kwa sababu wewe umetaka."

Mwaka mzima hakuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na dada alikaa mvunguni kweli, siku tatu, na nyaya zake na kompyuta. Ukimwita anajibu kutoka chini ya meza. Mlio hakuugusa. Alichelewesha magurudumu: injini ingurume kwanza, treni ifuate polepole, na ukifunga swichi, iendelee kuteleza mpaka uipigie breki.

Asubuhi ya siku ya nne akamwita. Mimi nilisimama mlangoni, maana nilijua ndiyo ya mwisho.

Shemeji akafungua. Injini ikanguruma, magurudumu kimya. Nikamwona anakaa wima. Mngurumo ukapanda, treni ikaanza kujivuta. Akapiga honi mara mbili. Akaizungusha treni meza nzima mara tatu, kichwa kakiinamisha, anasikiliza. Kisha akafunga mapema sana, mimi nikadhani amechoka, nikamwangalia dada, na dada amejiziba mdomo. Akagusa breki, akaachia, akagusa tena. Treni ikapungua, ikapungua, ikasimama bila kushtuka.

Dada akasogea amkumbatie. Shemeji akamzuia kwa mkono mmoja, ule mwingine bado uko kwenye breki.

"Subiri kwanza," akasema. "Watu wanashuka."