Vumbi la Vigae

Nilitoka mji wa Mahajanga, Madagaska, na binti yangu wa miaka minne na bunda moja la nguo, baada ya zile ghasia zilizotung'oa sisi wenye asili ya Komoro. Jirani niliyekuwa nikipeana naye moto na chumvi ndiye aliyewaonyesha watu mlango wangu. Basi nilipofika kisiwa cha Nosy Be, mtu akiniamkia tu najiuliza: huyu anataka nini?

Mwaka ule mchele ulikuwa haupatikani. Tunapanga foleni toka alfajiri, duka likifunguliwa tunaambiwa umekwisha. Mwanangu alikuwa halii tena, analala tu, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Jirani yangu mpya, mwanamke Msakalava, mwenyeji wa pale, mfinyanzi, akaja na shauri: kila nyumba ichange ilicho nacho, tupike uji wa mchele na majani, chungu kimoja mtaa mzima. Nikamjia juu.

"Vyombo vyenu vya nyumbani sivitaki! Nitajuaje kama havikutiwa nguruwe? Udongo hunywa kila kitu. Hata kimoja kisionekane pale!"

Hakukasirika. Akanijibu kwa Kimalagasi cha taratibu, "Haya, dada. Tufinyange vipya, sote pamoja, nawe ukiona."

Tukakaa uani kwake siku kadhaa. Huyu anakanda, yule anafinyanga, mwingine anasugua kwa kokoto mpaka bakuli ling'ae. Wanataniana, wanacheka. Mimi macho kodo, bakuli letu nalifinyanga peke yangu. Mfinyanzi akanipa vumbi jekundu nichanganye na udongo. Vumbi la nini? Vigae vya vyungu vya zamani, akasema, vimetwangwa. Loh! Vyungu vya nani, vilipikiwa nini? Alipogeuka nikalimwaga nyuma ya ua. Nikajiona mjanja kweli.

Siku ya kuchoma, moto ulipokolea tukasikia paa! Majivu yalipopoa, mabakuli ya wenzangu yakatoka mazima. Letu lilikuwa vipande.

"Hukutia vumbi," alisema mfinyanzi. "Ndilo linalozuia chombo kisipasuke motoni."

Jioni uji ukaiva katika chungu kipya. Mwanangu alisikia harufu yake, akaketi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa siku mbili. Kwenda nyumbani kuchukua sufuria sikuweza, maana sharti lilikuwa langu, nililitangaza mbele ya watu wote. Mfinyanzi akapakua uji katika bakuli lake, akaliweka mbele ya mwanangu, kisha akakaa kando mikono mitupu, akingoja mtu amalize ndipo naye ale.

Nami nikafanya nini? Nikaliinua lile bakuli nikalinusa. Nikaligeuza, nikalinusa tena, na mtoto kaninyooshea mikono. Nilipoinua uso, yule mwanamke alikuwa ananitazama.

Aibu niliyoiona! Nikampa mtoto, akala mpaka akalamba ukingo.

Bakuli lile sasa analo binti yangu, naye ni mama wa watoto. Yule mwanamke sikumwomba radhi hata mara moja. Kila nilipotoka kwenda kwake, nilijikuta najiuliza kwanza alitaka nini hata akatuachia bakuli lake, nikarudi ndani.