Mkono Uliozuia Damu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya soko la mifugo pale Mwingi, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimekuja kwa hasira. Nilikuwa bado msichana, nimetoka juzi tu kusomea upasuaji wa mishipa ya damu, na hospitali niliyopangiwa ilikuwa na chumba kimoja cha upasuaji, jenereta inayokohoa na maji ya tangi. Nilifurahi hata hivyo. Nyumbani ni nyumbani, ingawa ni pangoni.

Asubuhi hiyo fahali alimpiga pembe mfanyabiashara mmoja aitwaye Hassan, mtu wa upande wa Garissa aliyezoea kuja kununua ng'ombe kwetu. Pembe iliingia pajani karibu na kinena, ikapasua mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Mshipa ule ukipasuka, mtu hapati hata nafasi ya kuacha wosia. Lakini kando yake alikuwa amesimama Musyoka, mkulima wa kijiji cha Tulia, mwenye fahali yule. Musyoka hakujua lolote la udaktari. Aliona damu inaruka, akakunja ngumi, akaisukuma pale ilipokuwa ikitoka, na akailalia kwa uzito wake wote. Watu wa soko wakawapakia wote wawili kwenye pikapu ya mbuzi na kuniletea hivyo hivyo, ngumi ikiwa ndani ya kidonda.

Barabara ya Nairobi ilikuwa imefungwa. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja, malori yamejipanga huku na huku yakisubiri maji yashuke. Hapakuwa na mahali pengine pa kumpeleka. Kama si mimi, ni kaburi.

Nilimtazama Musyoka. Matope mpaka magotini, kinyesi cha ng'ombe kwenye shati. Nami nilikuwa nimefundishwa kwamba chumba cha upasuaji ni safi kuliko madhabahu. Sista Mumbua, muuguzi wetu mkuu, akaniuliza kama amtoe huyu baba nje. Nikamjibu amtoe, tufunge bandeji ya kukaza, ndipo tuanze. Kumbe simu iko wazi. Nilikuwa nimempigia mwalimu wangu aliyekuwa Nairobi, daktari mzee aliyenifundisha kazi hii, naye alikuwa anasikia yote. Hakuwa mtu wa kupaza sauti.

"Daktari," akaniambia, "huo mshipa umeshaushika?"

Nikamwambia bado.

"Basi unamfukuza mtu kazini na wewe mwenyewe hujafika. Kwa sasa mkono wake ndio mshipa wa mgonjwa. Muoshe, mfunike, ufanye kazi kando yake."

Mwanangu, nimekemewa mara nyingi maishani, lakini sijawahi kukemewa kwa maneno machache hivyo yakanitosha.

Tukakata mkono wa shati, tukamwosha Musyoka kwa dawa mpaka begani, tukamfunika mashuka ya kijani akabaki kichwa tu. Hassan alikuwa bado ana fahamu, midomo imepauka. Akageuza shingo akamtafuta mwenzake.

"Musyoka, usiniache."

"Siendi mahali," Musyoka akamjibu. "Kwanza hiyo maneno ya ng'ombe hatujamaliza."

Hassan akatabasamu, na dawa ya usingizi ikamchukua akiwa anatabasamu.

Nilipasua juu zaidi, tumboni, kuutafuta mshipa mahali ulipokuwa bado mzima. Stima ikapotea. Jenereta ikawaka kidogo, ikagoma. Sista Mumbua akafungua mapazia yote, akawaweka wauguzi wawili wanimulikie kwa tochi, na joto la chumba kile lilitufanya tupanguswe jasho kama watu wanaochimba kisima. Nje, watu wa soko walikuwa wamekuja kutoa damu, wanaume wa msikitini na akina mama wa kanisani kwenye benchi moja, wakitaniana juu ya nani anaogopa sindano. Ndani, Musyoka alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa Kikamba, chini chini. Hakuna aliyemnyamazisha. Nadhani sisi sote tuliuhitaji.

Nilipoupata mshipa nikaubana, nikamwambia sasa aachilie, polepole. Vidole vikakataa. Vilikuwa vimekakamaa kama mizizi, ikabidi nivifungue mwenyewe kimoja kimoja. Damu haikuruka. Musyoka akaketi sakafuni, akautazama mkono wake kama kitu cha kuazima.

Nikatoa kipande cha mshipa mdogo kwenye mguu wa pili, nikaziba nacho ule uliopasuka, kwa uzi mwembamba kama unywele. Nikafungua vibano, nikaweka kidole juu ya mguu wa Hassan, karibu na vidole. Baridi. Kimya. Nikangoja. Halafu kikagonga kitu, kidogo, kama kifaranga anayegonga ganda kutoka ndani. Nilicheka kwa sauti nikiwa na barakoa usoni. Sista Mumbua alilia, ingawa hadi leo ukimuuliza atasema ni jasho.

Hassan aliondoka kwetu kwa mkongojo, baadaye akautupa. Biashara ya fahali waliimalizia wodini, kwa kelele nyingi, na sijui nani alimshinda mwenzake.

Sasa unaenda kuanza kazi ya kutibu watu kule Kambu, mwanangu, na cheti chako kingali kinanukia wino. Utakuta watu waliotangulia kuishika kazi hiyo jinsi walivyoweza. Wengine hawakusoma, wengine wana matope. Usimwondoe mtu kabla mkono wako haujafika mahali wake ulipo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Wazee wa Ukambani husema kidole kimoja hakiui chawa, na mimi nimeliona hilo kwa macho. Na zamu yako ikifika, wapokee kazi kwa upole, kwa maana aliyeshikilia muda mrefu huchelewa kuachilia, na si kwa ubishi.

Mungu akupe mikono iliyotulia na masikio yanayosikia kemeo. Akuzungushie watu wasiokimbia. Kila utakayemgusa, ajaliwe kuinuka na kwenda kwao kwa miguu yake. Nenda salama, mwanangu, na amani iende nawe.