Goti la Yona Nililimaliza Mimi, Siyo Beki wa Kondoa

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Sina wa kumsukumia, ingawa nilishamsukumia mtu, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki wa timu moja ya huku kwenye mashamba ya zabibu, Makutupora. Wachezaji wetu asubuhi wanapogolea mizabibu, jioni wanafanya mazoezi. Timu haina daktari. Mchezaji akiumia, katibu wa mashabiki ndiye anayempeleka zahanati, anasikiliza maelezo ya daktari na kuyarudisha kwa kocha. Tumezoea hivyo miaka yote. Jioni, katibu huyo huyo anaandika habari za timu kwenye kundi letu la WhatsApp.

Na mimi huwa siachi kitu. Dakika ya bao, aliyetoa pasi, aliyepewa kadi, vyote naandika. Ndiyo maana watu waliniamini.

Mshambuliaji wetu nitamwita Yona, siyo jina lake. Kijana wa Kigogo, miaka ishirini na moja. Akigeuka na mpira, beki anabaki anatafuta njia ya kurudi kwao! Timu moja ya ligi kuu ilikuwa imemwita kwenye majaribio mwezi uliofuata. Mama yake alishamnunulia begi la safari.

Jumatano, siku tatu kabla ya mechi ya kupanda daraja, Yona alianguka mazoezini akashika goti. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Tukapanda bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma namshikilia.

"Katibu, jishike vizuri," akanitania huku anagugumia kwa maumivu. "Ukidondoka wewe, nani atatuandikia sifa kundini?"

Zahanati, nesi akawa anamfunga bendeji chumba cha pili. Daktari akaniita pembeni.

"Wewe ni nani yake?"

"Kaka yake." Nilijibu hivyo hivyo tu, ili tumalize haraka.

"Basi kaka, sikiliza. Goti limelegea. Kuna kitu kimechanika ndani. Asiguse mpira mpaka apigwe picha hospitali kubwa mjini."

"Daktari, mechi ni Jumamosi."

"Mimi nakueleza goti, wewe unanieleza Jumamosi!"

Akasema anaandika rufaa. Nikamwambia aandike, nitaifuata kesho yake. Sikuifuata.

Kutoka mlangoni kwa daktari hadi kwenye benchi alipokuwa Yona ni hatua kama kumi. Hatua kumi! Humo ndani nikaamua maisha ya mtu.

"Kasemaje?" akaniuliza.

"Msuli umestuka tu. Jumamosi unacheza."

Akashusha pumzi. "Afadhali, Katibu. Nilishaanza kuogopa."

Kocha naye nikamwambia hayo hayo.

Jumamosi tulicheza na timu kutoka Kondoa. Dakika ya kumi na tisa Yona akafunga. Nikaruka, nikalia kwa furaha, mjinga mimi!

Dakika ya hamsini na mbili alipokea mpira karibu na kibendera cha kona, amempa mgongo beki. Akageuka. Hakuguswa. Narudia, hakuguswa! Beki huyo, kijana wa Kirangi nitakayemwita Bakari, alikuwa nyuma yake hatua mbili nzima. Mwili wa Yona ulienda, mguu ukabaki. Nilikuwa nimesimama pale pale pembeni ya mstari. Mlio wa goti niliusikia.

Tulishinda moja bila. Tukapanda daraja.

Jioni watu kundini wakauliza imekuwaje. Nikaandika: "Beki namba tatu wa Kondoa alimkanyaga goti makusudi, mwamuzi akafumba macho." Sentensi moja. Wote wakaamini, wakaisambaza hadi Kondoa, kwa sababu Katibu kaandika. Hata Yona aliamini. Kwa maumivu yale, angejuaje nani alikuwa wapi?

Hospitali mjini walimwambia mpira asahau. Lile begi sasa linabeba madaftari ya mdogo wake. Kubeba kreti la zabibu hawezi tena. Msimu wa mavuno anakaa na akina mama kivulini, anachambua vichala.

Nikienda kwao, mama yake ananipokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyemkimbiza zahanati. Mungu akubariki."

Jamani! Heri angenitukana.

Na watu wengine, ukitaka kugusia habari hiyo, wanakukatisha: "Mpira ndivyo ulivyo, Katibu." Sivyo ulivyo! Mimi ndivyo nilivyoufanya.

Mwezi uliopita Bakari alikuja kutoka Kondoa na mjomba wake. Walileta dumu la mafuta ya alizeti. Walikuja kuomba radhi, na mimi nikiwa nimekaa pale pale sebuleni kwa kina Yona. Mjomba alianza, akaeleza kwamba kijana ameacha mpira. Kila uwanja akiingia wanamzomea: mvunja magoti, mvunja magoti. Kisha Bakari mwenyewe akasema, macho chini:

"Mimi sikumbuki kukukanyaga. Lakini kila mtu anasema nilikukanyaga. Nisamehe, ndugu yangu."

Yona akanyoosha mkono. "Yameisha, kaka."

Nilimwangalia mtu akiomba msamaha kwa kosa nililomtungia, nikanywa chai yangu mpaka ikaisha!

Asubuhi yake sikuweza tena. Nilimfuata Yona shambani, nikamwomba tukae pembeni, nikasema yote kwa mpangilio: daktari, rufaa, zile hatua kumi, sentensi ya kundini. Nilitegemea atanipiga. Alikuwa ameshika kichala cha zabibu, akakiweka chini taratibu.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usingecheza, na mimi nilitaka..."

"Labda ningecheza," akanikatisha. "Nilikuwa na kiherehere kuliko wewe. Lakini ningekuwa nimeamua mimi, Katibu. Mimi!"

Kisha akasema, "Mpigie Bakari. Hapa hapa. Weka sauti nami nisikie."

Nikapiga. Nikamweleza Bakari kwamba niliona kwa macho yangu hakumgusa Yona, na kwamba uongo ule niliuandika mimi.

"Kwa hiyo sikumkanyaga?"

"Hukumkanyaga."

"Kweli kabisa sikumkanyaga?"

Aliuliza hivyo mara nne, msomaji. Mara ya nne alikuwa analia. Hakunitukana, hakuniuliza kwa nini. Alitaka kulisikia hilo tu. Yona aliinuka kwa kushikilia nguzo ya mzabibu, akaondoka akichechemea. Tangu siku hiyo hatujaongea. Mama yake nikimwamkia anaitikia, lakini hanikaribishi ndani.

Ukweli nimeuandika na kundini. Mnajua walinijibu nini? "Katibu achana na hayo, daraja si tulipanda!" Mwingine akaweka picha ya kombe. Nimejiuzulu, na bado wananiita Katibu. Hasira niliyonayo siwezi kuieleza, na sina haki ya kuwakasirikia, maana siku ile zahanati nilikuwa mmoja wao.

Wewe unayemsindikiza mchezaji kwa daktari, uwe kiongozi, shabiki au rafiki, nakuomba: rudi na maneno ya daktari kama yalivyo, yote, hata kama mechi ni kesho. Mwambie mwenye goti, kisha funga mdomo wako umwache aamue. Na kama hukuona mtu akikanyagwa, usiandike kwamba alikanyagwa. Kuna kijana mahali fulani atakuamini, hata kama mguu unaosema ulikanyaga ni wake mwenyewe.