Mlango wa Wifi

Tulimwita Mama Fumua, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa fundi cherehani. Kila Jumamosi mchana wanawake saba tulikutana katika chumba cha nyuma cha duka lake, chumba chenye meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, tukaonyeshana tulichoshona wiki hiyo: foronya, vitambaa vya meza, picha za vitambaa, mablanketi ya viraka. Kanuni ilikuwa moja tu. Kazi inalazwa kifudifudi kwanza. Upande wa mbele kila mtu anajua kujipamba. Mgongoni ndiko kuliko na mafundo na uvivu.

"Hiki kashona nani, kuku?" aliuliza siku niliyopeleka kazi yangu ya kwanza. Nilicheka na wenzangu, nikaenda kulia nyumbani, Jumamosi iliyofuata nikarudi. Ndivyo alivyokuwa. Ufundi alifundishwa na shangazi yake, mwanamke aliyekuwa akipitisha wembe kwenye mshono uliopinda bila kusema neno, na miaka arobaini baadaye mwanafunzi wake hakuweza kuuona mshono uliopinda akaupita. Ukisahau kazi yako mezani pake, utaikuta imefumuliwa na kushonwa upya, imenyooka, na yeye anakungoja ushukuru. Tulishukuru. Mtu mwenye roho mbaya ungemkemea. Huyu alikuwa na roho nzuri, na mtu wa namna hiyo hana wa kumzuia.

Aliyemweza ni wifi yake peke yake, dada wa marehemu mumewe, muuguzi mstaafu, mwembamba, mwenye mdomo.

"Wifi, wewe ukifika mbinguni malaika wataficha mabawa yao," alimwambia siku moja. "Watajua umekuja kuyafumua."

"Kama yameshonwa ovyo, nitayaacha?" Mama Fumua akajibu, na tukacheka mpaka chai ikapoa.

Kisha wifi akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Miezi mitatu hatukumwona, na alipokuja alikuja na mkongojo, akaketi pale pale alipozoea. Wakati huo tulikuwa tumeanza blanketi la pamoja, la kutundika katika chumba cha kungojea cha zahanati alikokuwa akifanya kazi. Kila mmoja ashone mlango wa nyumba yake kwenye kipande cha mraba, halafu Mama Fumua aviunganishe vyote kwa cherehani.

Wifi alileta chake wa mwisho kabisa. Mlango wa bluu, kitasa cha kitambaa cha njano, vyote vimeshonwa kwa mkono wa kushoto. Tulipokilaza kifudifudi, mishono ilikuwa mirefu hapa, mifupi pale, mingine imepanda juu ya mwenzake. Mama Fumua alikikunja, akakitia mfukoni mwa aproni. Mimi nilimwona anavyokikunja, nikajua atakachofanya, nikanyamaza. Hilo nalijutia hadi leo, maana neno moja tu lingetosha.

Jumamosi iliyofuata blanketi lilikuwa limeunganishwa. Wifi akaligeuza kwa mkono wake mzima, akapitisha kidole nyuma ya mlango wa bluu. Kidole kilikwenda moja kwa moja, hakikukwama popote.

"Huu si mlango wangu," akasema.

"Ni wako, wifi. Nimekusaidia kunyoosha tu."

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini tena? Mkono wenyewe si unaujua?"

Wifi hakurudisha utani. Alikunywa chai yake yote, akaaga kila mtu, akaondoka. Hakuja tena. Alisema miguu inamsumbua, nasi tukajifanya tumeamini. Mama Fumua alijua. Kila wiki alisema atakwenda kumwona, na kila wiki palikuwa na suti ya mtu, sare za shule, cherehani iliyokorofisha. Methali ile ya majuto na mjukuu tumeikariri wote tangu utotoni, na sijaona hata siku moja ikimwinua mtu kitini. Wiki ya sita wifi akafariki, usingizini.

Baada ya maziko binti yake alikuja kwenye kikundi. Tulimpa kiti cha mama yake. Akatuomba tumwonyeshe blanketi kabla halijapelekwa zahanati, tukalitandaza mezani.

"Mama alikishona kipande hiki wiki tisa," akasema, mkono juu ya mlango wa bluu. "Alinikatalia hata kumtungia uzi. Akikosea anachomoa mwenyewe, anaanza upya. Nilikuwa namwambia, mama, pumzika, ananifukuza chumbani." Akacheka, akajifuta macho. "Nimekuja niiguse tu hiyo mishono."

Akaanza kuligeuza blanketi. Mama Fumua akalishika upande wa pili, akalizuia.

"Mwanangu, mishono hiyo ni yangu," akasema. "Ya mama yako niliifumua. Niliona imepinda. Nilimkosea, na sikwenda kumwambia."

Nilidhani binti atapiga kelele, na nilitamani apige. Akauliza kwa sauti ya chini, "Yote? Hata mmoja haukubaki?"

Mama Fumua akavaa miwani. Akaligeuza blanketi, akalisogeza dirishani, akaanza kutafuta. Alipita kwenye kizingiti, akapanda pembeni mwa mlango, akazunguka kitasa, akarudia tena polepole, akiukwaruza uzi kwa ukucha, huku binti amesimama karibu yake akingoja. Alikuwa fundi mzuri. Hakuwa amebakisha hata mmoja.