Siku Ndege Ilipoipiga Picha Likoni

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha ya zamani ya Likoni iliyopigwa kutoka angani. Nyumba yetu haizidi punje ya mchele. Nikaikumbuka alasiri ile, mngurumo wa ndege na harufu ya mbata iliyoanikwa uani. Baba alisema ndege inaupiga mji picha, nami nikadhani kila mtu ataonekana uso. Nikamkimbilia mama, aliyekuwa mgonjwa kitandani.

“Mama, toka nje upigwe picha!”

“Na leso hii kuukuu, mwanangu?”

Hata hivyo akajikokota hadi uani, akainua uso, akatabasamu mpaka ndege ikapotelea upande wa Changamwe.

“Nimetoka vizuri?” akamuuliza baba.

“Wallahi, vizuri sana.”

Jioni hiyo alikula nasi uani, mara ya kwanza tangu augue.