Bi Zaina na Kiu Isiyokatika

Mwezi wa Ramadhani ukiandama, watu wa Dunda hutafuta tende, hutafuta mihogo ya futari, kisha huanza kumwogopa Bi Zaina. Mjane huyu ana pua. Akipita nje ya chumba cha mtu saa za adhuhuri, anajua kama kuna chapati imeliwa humo. Wale wanaokula mchana kwa siri, wanaoitwa kobe, yeye ndiye aliyekuwa akiwafichua na kuwatangaza mtaa mzima. Hakuna aliyemtuma. Aliifanya kazi hiyo kwa raha zake, na tuseme kweli, raha yenyewe ilikuwa tamu kuliko futari.

Mwaka huu alimwandama Mikdad, kijana wa bodaboda aliyepanga nyumba ya pili, ambaye Bi Zaina alikwisha kumtangaza mara moja mwaka jana. Kila adhuhuri Mikdad alirudi kupumzika, na nyuma ya ukuta kikasikika kifuniko cha sufuria. Bi Zaina akakipindua kinu, akapanda juu yake ili achungulie. Kinu kikayumba, naye huyo chini, chali, kisogo kikagonga saruji. Adila, binti wa kaka yake anayekaa naye, alipouliza, shangazi mtu akasema ameteleza akitia udhu.

Uvimbe ulipopungua ikaja kiu. Si ile kiu ya swaumu inayojulikana. Hii ilikuwa ya kumaliza mtungi, na maji yenyewe hayakai: akinywa, mbio chooni, mkojo mweupe kama maji ya mvua. Siku ya kwanza alijikaza mpaka ulimi ukamnata mdomoni. Siku ya pili akaingia kwenye banda la kuku na kata ya maji.

"Shikamoo, bi mkubwa."

Alikuwa Mikdad, amekuja kumtafuta tetea wake aliyeruka ukuta. "Marahaba" ya Bi Zaina ilitokea puani pamoja na maji.

"Kumbe na kuku wanafuturu mapema?" akauliza kijana.

"Nisitiri, mwanangu. Mtaa huu ukijua, uso wangu nitauweka wapi?"

"Wangu mwaka jana uliuweka wapi?"

Bi Zaina aliogopa kweli, jina lake lote, la miaka yote, lilikuwa ndani ya kata ile. Basi wakapatana: Mikdad hatasema, na yeye hatachungulia. Kijana akamchukua kuku wake, akaondoka akicheka peke yake.

Lakini kiu haina mapatano na mtu. Adila alipomwona shangazi yake amenyauka na anapepesuka, akamwita Mikdad, wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Wote walijua ni kisukari. Wakapima sukari, haina neno. Bi Zaina alipopata nguvu kidogo, Daktari Raya akaamuru azuiwe maji kwa saa kadhaa huku mkojo wake ukipimwa. Muuguzi akawekwa amlinde. Mwinda kobe sasa akawa analindwa yeye, na alikamatwa akiwa ameshaiinamia ndoo ya kudekia. Na mkojo, licha ya yote hayo, ukaendelea kutoka mwingi na mweupe.

"Mama, uligonga kichwa karibuni?" akauliza daktari.

"Aliteleza tu akitia udhu," Adila akamjibia.

"Aliteleza vipi? Nataka kujua pigo lilikuwa kubwa kiasi gani."

Mikdad alikuwa amesimama mlangoni. Bi Zaina akamtazama, akatazama dari. Akinyamaza, jina litabaki na kiu itabaki. Koo likamshinda.

"Nilikuwa juu ya kinu," akasema.

"Juu ya kinu? Unatwanga?"

"Nachungulia."

Adila akajifunika ushungi usoni, mabega yakimtikisika.

Daktari akawaeleza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, na kutoka hapo hutoka homoni inayoziambia figo zisiyamwage maji yote. Pigo la kisogo limeinyamazisha homoni hiyo. Huenda ikarudi, huenda isirudi. Kuna vidonge vya kufanya kazi yake, ila akivimeza asijijaze maji ovyo. Na kufunga, mwaka huu hapana.

Kabla ya magharibi Dunda yote ilikuwa na habari, maana Adila kwa mdomo amemrithi shangazi yake. Bi Zaina aliona haya mpaka akalia. Kesho yake adhuhuri hakwenda bandani. Alikaa uani kwake na kikombe cha maji, akagonga ukuta.

"Mikdad! Hebu njoo."

Akaja, anafuta midomo.

"Mimi naumwa, unajua. Sasa na wewe niambie, unaumwa nini? Vidonda vya tumbo? Nilikutangaza bila kukuuliza, na roho inaniuma."

Uongo mzuri ulikuwa umeshaletwa mpaka mkononi mwake. Mikdad akajikuna kichwa.

"Siumwi kitu, bi mkubwa. Huwa nasikia njaa tu."

Bi Zaina akavuta pumzi, ile ya zamani ya kutangazia watu, iliyokuwa ikisikika mpaka sokoni. Akaishikilia. Kisha akaishusha na funda moja la maji.

"Haya nenda," akasema. "Na hicho kifuniko ukifunike taratibu. Niliangukia kisogo mimi, sikuangukia masikio."